Saikloni ya kujitengenezea karakana: mdomo inchi ngapi, mpira inchi ngapi?

msasa80 (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni.

Nina karakana ndogo uani, chumba cha mita 4 kwa 5. Natengeneza milango, meza na vitanda vya mninga na mkongo, na siku hizi MDF nyingi (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) kwa sababu kila mteja anataka kabati za jikoni. Mashine zangu ni msumeno wa meza wa inchi 10, randa ya umeme ya mkono, ruta (ya kuchonga kingo na mifereji), na mashine ya msasa ya duara. Vumbi limenishinda. Nina vakyumu ya lita 30, wati 1400. Inavuta vizuri dakika chache, halafu filta inaziba na kinachobaki ni kelele.

Nimeamua kuweka saikloni, yaani chombo chenye koni kinachozungusha hewa, katikati ya mashine na vakyumu, ndoo chini yake, ili vumbi liangukie kwenye ndoo kabla ya kufika kwenye filta. Shida ni vipimo. Msumeno una mdomo wa inchi 4. Mashine ya msasa ina mdomo wa milimita 35. Mpira wa vakyumu una milimita 38 kwa ndani. Duka la vifaa vya bomba hapa mtaani lina PVC za inchi 1½, 2, 2½ na 4. Je, mdomo wa kuingizia kwenye saikloni uwe wa ngapi, wa kutolea uwe wa ngapi, na mpira ninunue wa inchi ngapi? Rafiki yangu ananishauri inchi 4 kila mahali ili hewa isibanwe. Sitaki kununua vitu mara mbili, kwa hiyo naombeni msaada kabla sijatoboa chochote.

pembe_nne

Nimeweka kiti hapa. Swali hili na mimi ninalo.

bomba_kijivu (Dodoma)

Mkuu, mimi ni fundi bomba. Sikiliza rafiki yako, weka inchi 4. Bomba pana halizibi na halina upinzani. Ukibana mwanzoni, huko mbele kote umebana. Kule kwenye msasa mwishoni utaweka redyusa, kiungo cha kupunguza kipenyo.

mkongo_mkavu (Arusha)

Mkuu bomba_kijivu, kwa maji machafu hilo halina ubishi. Kwa vumbi mambo yanageuka, kwa sababu kinacholibeba ni kasi ya hewa. Bomba likiwa pana kuliko hewa uliyonayo, hewa inajikokota na chembe zinalala chini ya bomba. Zinajengeka kidogo kidogo mpaka siku moja unakuta bomba limejaa nusu. Kwenye mifumo ya viwanda vya mbao, kasi inayolengwa kwa bomba la kulala ni kama mita 20 kwa sekunde. Kwa mpira mfupi ambao unautikisa ukifanya kazi, mita 14 au 15 zinatosha.

Kwa hiyo msasa80, kabla ya kuuliza tundu la ngapi, jua vakyumu yako inavuta lita ngapi za hewa kwa sekunde. Tundu na mpira vinafuata jibu hilo.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezana mitandaoni, kwa sababu wanachanganya mashine za aina mbili. Vakyumu ina feni ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa sana: mvuto wake ni mkali, unaweza kufika kilopaskali 20 ukiziba mpira, lakini hewa inayopita ni kidogo. Bulowa ya maranda, ile yenye feni kubwa na mfuko wa kitambaa, ni kinyume chake: hewa nyingi, mvuto mdogo, mara nyingi kilopaskali 2 hivi. Vakyumu inavumilia mpira mwembamba kwa sababu ina nguvu ya kulazimisha hewa ipite. Bulowa ukiiwekea mpira wa inchi 1½ inanyamaza, haina nguvu ya kupenya pale. Na vakyumu ukiiwekea bomba la inchi 4 haina hewa ya kulijaza. Wanaosema inchi 4 wengi wana bulowa, na wanaosema inchi 2 wana vakyumu. Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa mashine yake.

Jinsi ya kupima bila kifaa: nunua nailoni ile ya mrija inayouzwa kwa mita, yenye upana wa sentimita 60 ikiwa imelala bapa. Ikijaa hewa inakuwa na kipenyo cha kama sentimita 38, na kila mita moja ya urefu inabeba lita 115 hivi. Kata vipande upate mita 1.75 kati ya fundo na fundo, hapo una mfuko wa lita 200. Funga upande mmoja, upande wa pili uvishe kwenye tundu la kutolea hewa la vakyumu, ufunge kwa mpira wa baiskeli. Ubonyeze wote uwe bapa, washa, hesabu sekunde mpaka ukaze. Pima ukiwa umevalisha mpira utakaoutumia, kwa sababu vakyumu isiyo na mpira inatoa jibu la kukudanganya.

msasa80

Asante sana mkuu, sikuwahi kufikiria mfuko wa nailoni. Nimeufanya leo mchana, na mpira wake wa milimita 38 ukiwa umevaa. Unajaa kwa sekunde 7, filta ikiwa imekung'utwa.

mkongo_mkavu

Vizuri. Lita 200 kwa sekunde 7 ni kama lita 28 kwa sekunde. Sasa gawa kwa eneo la tundu:

Mpira wa milimita 32, kasi karibu mita 35 kwa sekunde.
Milimita 38, mita 25.
Milimita 50, mita 14.
Milimita 63, mita 9.
Milimita 100, yaani ile inchi 4 ya rafiki yako, mita 3 na nusu.

Ukipanua mpira, hewa inaongezeka kidogo kwa sababu upinzani umepungua, kwa hiyo kwa milimita 50 utakuwa juu ya 14. Lakini haitaongezeka mara mbili, wala inchi 4 haitafika kasi ya kubeba maranda.

Sasa usikimbilie mpira mwembamba kwa sababu kasi yake ni kubwa. Upinzani unapanda haraka mno. Kwa hewa ileile, kutoka milimita 50 kushuka mpaka 38 upinzani wa mpira unakuwa karibu mara 4. Na mpira wenye mikunjo kwa ndani una upinzani unaoweza kufika mara 2 au 3 ya bomba laini la urefu huohuo. Ukiwa na mita 5 za mpira wa mikunjo wa milimita 38, nusu ya nguvu ya vakyumu yako inaishia kusukumana na mpira.

Ushauri wangu kwako: milimita 50 iwe njia kuu. Mdomo wa kuingia kwenye saikloni 50, kutoka saikloni kwenda vakyumu 50 au zaidi, na kipande hicho kiwe kifupi uwezavyo. Ule mpira wako wa 38 uutumie mwishoni tu, mita 2 hivi, kwa ajili ya msasa na ruta, kwa sababu mdomo wa mashine yenyewe umebana na huwezi kuubadilisha.

bomba_kijivu

Nimekuelewa mkuu, na hesabu imenyooka. Basi niongeze la upande wangu: inchi 2 ya dukani mtu asidhani ni milimita 50 za ndani. Bomba la maji machafu la inchi 2 linapimwa kwa nje, kwa ndani linapungua kwa unene wa ukuta mara mbili. La inchi 4 kwa nje ni milimita 110. Mipira ya vumbi inapimwa kwa ndani. Nenda dukani na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) mkononi, na kipande cha mpira wako mfukoni.

Na kama kitu hakiingiani kwa milimita mbili tatu, PVC inalainika ikifika nyuzi joto kama 80. Chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza ncha ya bomba mpaka ilegee, isukumie juu ya kitu chenye kipenyo unachotaka, imwagie maji baridi. Mafundi wengi wanachoma kwa moto wa makaratasi. Moto ukiigusa PVC ikaungua inatoa moshi mbaya wa tindikali, na bomba linabaki na mabaka meusi yaliyodhoofika. Maji yanatosha.

kuni_na_kazi (Nairobi)

Mambo wakuu. Nafuatilia nikiwa huku Gikomba. Swali: huo mpira wa milimita 50 unapatikana wapi? Mipira ya vakyumu yenye upana huo kwetu ni ya kuagiza.

mkongo_mkavu

Ingia duka la pembejeo za kilimo, ulizia mpira wa kunyonyea wa pampu ya maji, inchi 2. Ni ule mgumu wenye uzi wa plastiki ngumu uliozunguka kama springi, mara nyingi wa kijani. Kwa ndani ni laini kiasi, umetengenezwa kuvumilia mvuto, na klipu za chuma zinaushika vizuri. Ubaya wake ni uzito na ukaidi wa kupinda, kwa hiyo uweke sehemu isiyosogea: kati ya saikloni na vakyumu, au kutoka ukutani hadi mezani.

Usichukue ule bapa wa kupelekea maji shambani. Ule unajaa kwa presha ya ndani, ukiuvuta unajifunga.

kuni_na_kazi

Shukran. Sasa mimi niko upande wa pili: nina bulowa ya nguvu farasi 2. Mdomo wake ni inchi 6 lakini ulikuja na kifuniko chenye midomo miwili ya inchi 4. Nitumie inchi 6 mpaka kwenye plena (mashine ya kurandia mbao), ama nishuke 4?

mkongo_mkavu

Kaka, hesabu ni ileile. Bomba la inchi 6 ili lifike mita 20 kwa sekunde linadai kama lita 350 kwa sekunde. Kwa inchi 4 unahitaji lita 160 hivi. Usifuate namba iliyobandikwa kwenye mashine, mara nyingi imepimwa bila bomba, bila mfuko, bila chochote. Tengeneza mfuko mkubwa wa nailoni ya kufunikia vifaranga, upime kwenye mdomo wa kutolea. Ukipata lita 350 na zaidi bomba likiwa limeunganishwa, weka inchi 6 kwenye njia kuu na ushuke hadi 4 mita moja ya mwisho karibu na plena. Ukipata 200, kaa na inchi 4 moja, na ule mdomo wa pili uuzibe kabisa wakati hauutumii.

Na kwa bulowa usithubutu kufunga mashine ya msasa yenye mdomo wa milimita 35. Tafuta vakyumu ndogo kwa kazi hiyo.

msasa80

Mkuu, na msumeno wangu wa meza wenye mdomo wa inchi 4 je? Na mimi nina vakyumu.

mkongo_mkavu

Hapo nikuambie ukweli: ule mdomo wa inchi 4 umewekwa kwa ajili ya bulowa. Boksi la chini la msumeno lina nafasi kubwa na matundu kila upande, na lita 28 zako zinapotelea humo. Ukitaka vakyumu ifanye kazi ya maana, sogeza mdomo karibu na meno. Tengeneza kiboksi cha plaiwudi kinachokumbatia nusu ya chini ya blade, acha nafasi ya kuinua na kushusha, na mpira wa 50 uufunge hapohapo. Kisha ziba matundu ya boksi kubwa kadiri inavyowezekana, ila usizibe njia ya hewa ya kupoza mota. Vumbi la juu ya meza litabaki. Hilo ni la kifuniko cha blade chenye mpira wake, kazi nyingine.

fundi_bati (Mwanza)

Nimekuja kwa ajili ya saikloni yenyewe. Wengi wanakata koni kwa macho, halafu wanalalamika vumbi linapita. Kuna uwiano unaojulikana tangu 1951, wa mtafiti wa saikloni aitwaye Stairmand, na bado unatumika. Kila kitu kinatokana na kipenyo cha mwili wa saikloni, tukiite D:

Mdomo wa kuingia ni mstatili, urefu wake nusu ya D, upana moja ya tano ya D. Bomba la kutolea hewa, lile la katikati, kipenyo nusu ya D, na linashuka ndani nusu ya D. Sehemu iliyonyooka D moja na nusu, koni D mbili na nusu. Tundu la chini la kutolea vumbi, 0.375 ya D.

Angalieni jambo moja ambalo linajibu swali la mleta uzi. Mdomo wa kutoka una eneo kubwa kuliko wa kuingia, karibu mara mbili. Hewa inatakiwa iingie kwa kasi ili izunguke na kutupa vumbi ukutani, halafu itoke kwa utulivu. Ukiweka mdomo wa kutoka mwembamba kuliko wa kuingia umeharibu mpangilio: hewa inapanda kwa kasi na kubeba vumbi lililokuwa linashuka.

Sasa kwa bomba la milimita 50, eneo lake ni sentimita za mraba 19.6. D ya milimita 140 inatoa mdomo wa 70 kwa 28, ambao ni sentimita za mraba 19.6. Umepata ndoa kamili, hewa haibanwi wala haitanuki pale inapoingia. Bomba la kutolea linakuwa milimita 70, na PVC ya inchi 2½ yenye milimita 75 kwa nje inakaribia hapo kwa ndani.

msasa80

Mkuu wangu, hapo umenimaliza. Naomba vipimo vya kukatia bati kama hutojali. Nina mkasi wa bati na ribiti.

fundi_bati

Bati geji 26, lile tambarare.

Mwili: kipande cha milimita 440 kwa 210, ongeza milimita 10 upande mmoja za kupandishia.

Koni: inaanza na kipenyo cha 140, inaisha na 52, kimo 350. Tafuta ubao mrefu, piga msumari mmoja, funga uzi usiovutika. Chora tao la kwanza kwa uzi wa milimita 561, la pili kutoka msumari uleule kwa milimita 208. Pembe kati ya mstari wa kwanza na wa pili ni nyuzi 45, nusu ya pembe mraba, kwa hiyo huhitaji hata kipima pembe, kunja karatasi tu. Ongeza milimita 10 za kupandishia, kata, kunja polepole juu ya bomba la chuma. Ukilazimisha kwa mkupuo bati linafanya pembepembe, na kila pembe ndani inarusha vumbi katikati.

Mdomo wa kuingia uuchomelee kwa kuambaa ukuta wa mwili, ukuta wa nje wa mdomo uendelee na ukuta wa mwili bila kidato. Kutoka bomba la duara la 50 hadi mstatili wa 70 kwa 28, fanya kipande cha mpito cha bati chenye urefu wa sentimita 15 hivi. Kabla ya kuingia kwenye saikloni acha bomba linyooke angalau nusu mita, elbo ikikaa mlangoni hewa inaingia imevurugika.

Bomba la katikati lishuke milimita 80, liwe limepita kidogo chini ya mdomo wa kuingia. Likiwa fupi, vumbi linakata kona na kutoka moja kwa moja.

Kuni_na_kazi, kwa inchi 4 yako zidisha kila kipimo mara mbili: D milimita 280, mdomo 140 kwa 56, bomba la kutolea 140, kimo chote mita 1 na sentimita 12.

kuni_na_kazi

Hii ni dhahabu. Swali dogo: randa yangu inatoa maranda marefu yaliyojikunja. Hayatakwama kwenye mdomo wa upana wa 56? Na kwa msasa80 ni 28 tu.

fundi_bati

Kwa 56 hayakwami ukiwa na kasi. Kwa 28 randa ya mkono inaweza kukwamisha, hasa ukiranda mbao mbichi. Msasa80, kama randa ndiyo kazi yako kubwa, tumia uwiano mwingine wa saikloni, wa Lapple, ambao upana wa mdomo ni robo ya D: kwa 140 unapata 70 kwa 35. Unapoteza uwezo kidogo kwenye vumbi laini, unapata njia pana. Tundu la chini nalo lipanue hadi 60, ukikata koni fupi kidogo. Kwa MDF na msasa, baki na Stairmand.

pembe_nne

Na asiye na mkasi wa bati? Nina ndoo mbili tu na plaiwudi.

mkongo_mkavu

Tafuta mtego wa vumbi wa Phil Thien. Ni diski ya plaiwudi inayokaa ndani ya ndoo, imekatwa mfereji wa kama milimita 28 pembeni kwa theluthi mbili za mzingo, theluthi moja imebaki nzima kuishika. Vumbi linazunguka juu ya diski, linadondokea mferejini, na hewa inayopanda hailigusi tena. Kwa maranda na unga wa msumeno inafaa sana. Kwa vumbi la msasa koni inaishinda. Midomo ni ileile, 50 kuingia kwa kuambaa ukuta, 50 au zaidi kutoka katikati.

mbao_za_bahari (Zanzibar)

Assalaam alaykum. Mie nachonga milango, ruta na msasa kutwa. Ahsanteni kwa elimu, naomba nami nikumbushe jambo. Vumbi la mbao liliwekwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la 1, yaani linasababisha saratani, tangu 1995. Mvule unawasha ngozi na kuamsha pumu, mpingo nao hivyohivyo. MDF ina gundi yenye fomaldehaidi. Lile vumbi unaloliona sakafuni si ndilo baya zaidi. Baya ni lile linaloelea kwenye mwale wa jua dirishani, nusu saa baada ya kuzima mashine. Hilo saikloni ya nyumbani hailikamati lote, linafika kwenye filta, na filta dhaifu inalirudisha chumbani.

Basi vakyumu iwekwe nje ya chumba, au tundu lake la kutolea lipitishwe dirishani kwa bomba pana. Barakoa ivaliwe hata saikloni ikiwepo. Mimi nina vijana wawili wanaojifunza kwangu, na kila asubuhi nawakagua barakoa kabla ya patasi.

msasa80

Wa alaykum salaam. Nashukuru sana kaka, nitaitoa nje ya ukuta, kuna kibaraza nyuma. Je, ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha kuwa chombo cha chini?

mkongo_mkavu

Inatosha, lakini ujue inabeba nini. Mpira ukiziba ghafla, mvuto wa kilopaskali 20 juu ya kifuniko cha sentimita 30 ni sawa na kukiwekea uzito wa kilo 140. Ndoo nyembamba inabonyea kiunoni, kifuniko kinaachia, na vumbi lote linakimbilia kwenye filta. Chagua ndoo nene, au ingiza moja ndani ya nyingine. Kifuniko kipe plaiwudi ya milimita 18 juu yake, saikloni ifungwe kwenye plaiwudi kwa bolti. Halafu weka tundu la usalama kwenye bomba kabla ya vakyumu: shimo la milimita 25 lenye kibati na springi laini, mvuto ukizidi kinafunguka. Pipa la chuma la lita 200 nalo mtu asilidharau, kifuniko chake kinabeba zaidi ya kilo 500 kwa mvuto huohuo. Kwa bulowa hofu ni ndogo, moja ya kumi ya hapo.

Lingine ni kuvuja. Ndoo ikivuja kidogo tu chini, hewa inaingia kupitia tundu la koni ikipanda juu na kulibeba vumbi lililokwisha kushuka. Watu wanalaumu vipimo vya mdomo kumbe tatizo ni kifuniko. Bandika sponji ya mlango kwenye ukingo, maungio yote pitisha silikoni. Kisha washa udi, zima feni ya dari, zungusha moshi kila kiungo vakyumu ikiwa inavuta. Penye mwanya moshi unanyooka na kuingia.

bomba_kijivu

Kwenye kona tumieni elbo mbili za nyuzi 45 zenye kipande katikati, msitumie moja ya 90. Na matawi yawe ya Y, ikielekea hewa inakokwenda. Tii ya kawaida vumbi linajigonga na kubaki.

Gundi ya PVC wekeni sehemu ambazo hamtazifungua. Nyingine skrubu moja fupi na tepu. Siku maranda yakikwama utataka kufungua.

kuni_na_kazi

Nimesikia PVC inaleta shoti na vumbi linaweza kulipuka. Nibadilishe zote ziwe za bati?

mkongo_mkavu

Umemetuamo, yaani umeme unaojikusanya kwa msuguano, upo kweli, hasa siku kavu na MDF, na unaweza kukushtua ukigusa bomba. Kwa karakana ya mtu mmoja kinachochoma nyumba zaidi ni cheche iliyofyonzwa: mtu anatumia mpira uleule kusafisha grainda, au blade inagonga msumari, cheche inatua kwenye ndoo ya unga na kufuka usiku kucha. Usifyonze vumbi la chuma kwa mfumo wa mbao, na mwaga ndoo nje kabla ya kufunga. Kuhusu shoti, saikloni ya bati iunganishe kwa waya na ethi ya umeme, na waya mtupu wa shaba ufuate bomba kwa nje ukigusana na sehemu za chuma za mashine.

msasa80

La mwisho wakuu. Kuna mama hapa jirani anafuga kuku, huwa anachukua maranda yangu ya kutandaza bandani. Haya ya kwenye ndoo nimpe?

mbao_za_bahari

Ya randa mpe, yakiwa makavu na hayana chembe ya MDF wala ubao uliopakwa dawa. Unga wa msasa na wa MDF usimpe hata akiomba, kuku mapafu yake mepesi, vifaranga ndio kabisa. Weka ndoo mbili zenye kifuniko kimoja, ukianza MDF unahamisha saikloni juu ya ndoo ya pili.

fundi_bati

Na yoyote utakayoitumia, imwage ikifika theluthi mbili. Vumbi likikaribia ncha ya koni, mzunguko unashuka mpaka kwenye ndoo na kulinyanyua tena. Toboa kidirisha ubavuni, ubandike kipande cha plastiki angavu kwa silikoni, uone kiwango bila kufungua. Ukimaliza kukata koni tupia picha kabla ya kupiga ribiti, nikuangalizie mshono.